Usiishie Ngazi ya Pili: Mwongozo wa Kutoka Karakana ya Ufundi Stadi hadi Stashahada

Mafundi wengi wa Mbagala, Tandika, Tegeta na Bunju wana cheti cha ufundi stadi ambacho hakijawahi kuwafikisha mbali zaidi ya geti la mwajiri wa kwanza. Waliishia ngazi ya I au ya II kwa sababu kazi ilipatikana, au nauli na michango ya mwaka uliofuata vilikosekana, au hakuna aliyewaambia kwamba ngazi moja au mbili tu zilikuwa zimebaki kabla ya mlango wa chuo. Mwongozo huu ni wako ikiwa uko katika hali hiyo, ikiwa ndiyo kwanza unafikiria kujiunga na chuo cha ufundi, au ikiwa una mtoto au mdogo wako anayefikiria hivyo.

Neno kubwa ni hili: cheti cha ufundi stadi ngazi ya III ndicho kinachohesabika kama sifa ya kuingia chuo cha kati. Ngazi ya I na ya II zinakupa ujuzi na kazi, lakini kwa kawaida haziufungui mlango huo. Kila ushauri ulio hapa chini unalenga kukufikisha ngazi ya III ukiwa na karatasi kamili, kisha kukuvusha hadi stashahada, na hata shahada ukitaka.

Kwa nini ujisumbue?

Kwanza, ajira. Serikalini, na katika kampuni nyingi za ujenzi, maji na umeme, nafasi ya fundi sanifu huombwa na mwenye stashahada. Unaweza kuwa hodari kuliko anayekusimamia, lakini tangazo la kazi linapotaja stashahada, barua yako huwekwa kando kabla hujaitwa kuonyesha kazi ya mikono yako.

Pili, mwili. Kazi ya kuinama chini ya gari, kupanda dari au kubeba matofali ina umri wake. Stashahada inakuwezesha kuhamia kwenye usanifu, usimamizi, ukadiriaji wa gharama au ualimu wa ufundi bila kuiacha fani unayoijua.

Tatu, wewe tayari umelipa gharama kubwa zaidi, yaani muda. Miaka uliyokaa karakanani inaweza kuhesabika. Ukiiacha bila kuithibitisha, ukitaka kusoma baadaye utaanza upya na waliomaliza shule jana.

Elewa ngazi kabla ya kupanda

Tanzania ina mifumo mitatu inayofuatana, na watu wengi huichanganya.

SANDUKU: NGAZI ZA ELIMU YA UFUNDI

- NVA ngazi ya I, II na III: tuzo za ufundi stadi. Hizi ndizo zinazotolewa na vyuo vya VETA na vituo vingine vilivyosajiliwa. Kila ngazi kwa kawaida ni mwaka mmoja.
- NTA ngazi ya 4: Astashahada ya Awali. (NTA ni tuzo za ufundi zinazotolewa na vyuo vya kati.)
- NTA ngazi ya 5: Astashahada.
- NTA ngazi ya 6: Stashahada. Kutoka ngazi ya 4 hadi ya 6 kwa kawaida ni miaka mitatu.
- NTA ngazi ya 7 na 8: Stashahada ya Juu na Shahada, kwa vyuo vya ufundi vinavyozitoa. Vyuo vikuu navyo hutoa shahada zao chini ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU.

VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Chombo kinachosimamia ubora wa ngazi zote za ufundi, na ambacho sasa kinasajili hata vituo vya ufundi stadi, ni NACTVET: Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi. Zamani liliitwa NACTE na lilishughulikia vyuo vya kati; jukumu la ufundi stadi liliongezwa kufuatia mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021. Ukisikia mtu anasema "nenda NACTE", ni baraza hilo hilo.

Onyo kwa wenye vyeti vya zamani. Mfumo wa majaribio ya ufundi uliotangulia NVA ulihesabu kinyume: daraja la III lilikuwa la chini na daraja la I lilikuwa la juu. Katika NVA, ngazi ya I ndiyo ya chini na ya III ndiyo ya juu. Fundi mwenye daraja la III la zamani akidhani ana NVA ngazi ya III atapoteza ada ya maombi bure. Na mwenye daraja la I la zamani asijidharau: ana cheti cha juu kabisa cha mfumo ule, na anapaswa kukipeleka chuoni kiangaliwe.

Krediti: nini unapata, nini hupati

Krediti ni kipimo cha kazi ya kujifunza. Hapa nchini krediti 1 ni sawa na saa 10 za kujifunza: darasani, karakanani, kwenye mafunzo ya viwandani na unapojisomea nyumbani. Mwaka mmoja kamili wa chuo huhesabiwa kuwa krediti 120.

Sasa usikilize vizuri, maana hapa ndipo matapeli wanapopata wateja. NVA ngazi ya III inakupa sifa ya kuingia NTA ngazi ya 4. Kwa kawaida haikuondolei mwaka wa masomo. Mtu akikuahidi kwamba cheti chako cha VETA "kinarusha" mtu moja kwa moja hadi mwaka wa mwisho wa stashahada, muulize jambo hilo limeandikwa wapi. Kinachohama kwa urahisi zaidi ni krediti zilizopatikana ndani ya mfumo wa NTA wenyewe: ukimaliza ngazi ya 4 katika chuo kimoja chenye ithibati, cheti chake kinakuwezesha kuomba ngazi ya 5 ya kozi hiyo hiyo katika chuo kingine.

Jitambue: unaanzia wapi?

Chagua kundi lako kabla ya kusoma hatua.

Kundi A: Una kidato cha nne chenye ufaulu wa masomo manne au zaidi, bila kuhesabu masomo ya dini. Tayari unaweza kuomba NTA ngazi ya 4, mradi masomo uliyofaulu ndiyo yanayotakiwa na kozi. Ukienda ufundi stadi, nenda kwa sababu unataka mkono wenye ujuzi au kipato cha mapema, si kwa sababu umeambiwa huna njia nyingine.

Kundi B: Una kidato cha nne chenye ufaulu wa somo moja hadi matatu. Njia ya NVA ngazi ya III imetengenezwa kwa ajili ya mtu kama wewe. Kozi nyingi za vyuo vya kati hupokea NVA ngazi ya III ikiambatana na ufaulu wa masomo mawili ya kidato cha nne. Kama una somo moja tu, tafuta la pili huku unasoma ufundi.

Kundi C: Uliishia darasa la saba, au kidato cha nne hukufaulu hata somo moja. Utahitaji kupanda ngazi mbili kwa pamoja: ufundi stadi hadi ngazi ya III, na elimu ya sekondari kwa njia ya mtahiniwa wa kujitegemea. Hatua ya 6 inaeleza.

Kundi D: Umejifunza kazi mtaani kwa fundi mwenzako na huna cheti chochote. Anza na sehemu ya urasimishaji wa ujuzi, kisha rudi kwenye hatua.

Hatua kwa hatua

1. Anza na kozi unayoitaka mwishoni.
Makosa mengi huzaliwa pale mtu anapochagua fani ya ufundi kwa sababu nafasi ilikuwepo, akagundua baada ya miaka mitatu kwamba fani hiyo haiendani na stashahada aliyoitamani. Tafuta kitabu cha mwongozo wa udahili cha NACTVET, kinachotolewa kila mwaka na kupatikana bure kwenye tovuti yao. Ndani yake utakuta jina la chuo, kozi, sifa za kujiunga, muda na ada. Andika kozi tatu unazozitaka na nakili sifa zake neno kwa neno.

Mifano ya njia zilizo karibu nawe Dar es Salaam:

- Umeme wa majumbani au uashi: kozi za uhandisi umeme na uhandisi ujenzi, kwa mfano katika Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), iliyoanza mwaka 1957 kama chuo cha ufundi.
- Ufundi wa magari: kozi za magari katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT), Mabibo.
- Ufundi bomba: kozi za maji na usafi wa mazingira katika Chuo cha Maji, Ubungo.
- Upishi na huduma za hoteli: Chuo cha Taifa cha Utalii, chenye kampasi Temeke na katikati ya jiji.

Fani nyingine, kama ushonaji, zina kozi chache za stashahada zinazofuatana nazo moja kwa moja. Hiyo si sababu ya kuiacha fani. Ni sababu ya kuuliza mapema.

2. Linganisha ulichonacho na kinachotakiwa.
Chora jedwali la safu tatu: kinachotakiwa, nilichonacho, kinachokosekana. Angalia kwa makini masomo yanayotajwa kwa jina. Kozi za uhandisi mara nyingi hutaka Hisabati na Fizikia au sayansi ya uhandisi. Ufaulu wako katika Kiswahili na Uraia unaweza kuhesabika kama idadi, lakini usikidhi sharti la somo.

3. Hakiki chuo kabla hujalipa hata shilingi.
Katika mitaa yetu kuna vyuo vizuri vya binafsi, na kuna vyumba viwili vyenye bango kubwa. Tofauti huwezi kuiona kwenye rangi ya ukuta. Tumia sanduku hili.

SANDUKU: MASWALI SITA YA KUMWULIZA MKUU WA CHUO

1. Namba yenu ya usajili NACTVET ni ipi? (Iandike, kisha itafute kwenye orodha ya vyuo vilivyosajiliwa.)
2. Usajili wenu ni wa awali au kamili?
3. Fani hii ninayoitaka imeidhinishwa kwenu, au ni chuo tu kilichosajiliwa?
4. Mnafundisha hadi ngazi ya III, au mnaishia ya I au ya II?
5. Mtihani wa mwisho ni wa taifa, au ni wa chuo chenyewe?
6. Mafunzo kwa vitendo kazini hufanyika wapi, na nani anamtafutia mwanachuo nafasi?

Swali la nne ndilo linalosahaulika zaidi. Vituo vingi vidogo hufundisha hadi ngazi ya II tu. Unaweza kusoma hapo, lakini ujue tangu siku ya kwanza ngazi ya III utaipatia wapi.

4. Omba kwa wakati.
Vyuo vya VETA kwa kawaida hupokea maombi ya kozi ndefu katika nusu ya pili ya mwaka, na masomo huanza Januari. Kwa wakazi wa Temeke na maeneo jirani, chuo kikubwa ni VETA Chang'ombe. Kipo pia kituo cha VETA Kipawa kinachobobea katika TEHAMA na elektroniki. Watu wenye ulemavu wana chuo cha serikali cha ufundi huko Yombo, Temeke. Waombaji huwa wengi kuliko nafasi, kwa hiyo omba chuo zaidi ya kimoja.

5. Soma ngazi zote tatu, na usidharau masomo ya daftari.
Wanachuo wengi hung'ara karakanani na kuanguka kwenye hesabu za ufundi, sayansi, uchoraji wa kiufundi na Kiingereza. Haya ndiyo utakayokutana nayo tena katika NTA ngazi ya 4, safari hii mihadhara na mitihani ikiwa kwa Kiingereza. Kila wiki tenga muda wa kusoma istilahi za fani yako kwa Kiingereza. Ukiwa fundi umeme, ujue vifaa vyote vya kazi kwa lugha zote mbili.

Ukipata kazi baada ya ngazi ya II, ifanye, lakini kubaliana na nafsi yako na familia yako tarehe ya kurudi. Uliza kama chuo kina masomo ya jioni. Kadiri mapumziko yanavyorefuka, ndivyo majukumu ya nyumbani yanavyokuzidi nguvu.

6. Ziba pengo la kidato cha nne sambamba na ufundi.
Kama unahitaji kuongeza masomo, jisajili Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) kama mtahiniwa wa kujitegemea kupitia kituo cha mtihani kilicho karibu. Usajili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, mtihani hufanyika Novemba na matokeo hutoka Januari. Aliyeishia darasa la saba huanza na Mtihani wa Maarifa, unaojulikana kama QT, kabla ya kufanya wa kidato cha nne. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na vituo vya masomo ya jioni husaidia maandalizi, na msichana aliyekatizwa masomo kwa ujauzito ana nafasi sawa na mwingine.

Usichukue masomo saba kwa pupa. Chukua yale mawili au matatu ambayo kozi yako imeyataja.

7. Tunza karatasi.
Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ujuzi ni mali. Katika faili moja lisiloingia maji weka vyeti halisi, nakala zilizothibitishwa na wakili, matokeo ya kila ngazi, kitabu cha kumbukumbu za mafunzo kazini kilichosainiwa na msimamizi, na barua za waajiri. Piga picha kila kimoja na ujitumie kwa baruapepe. Wakazi wa mabondeni wanaoijua mvua ya masika wanajua kwa nini.

Kisha kagua majina. Jina la cheti cha kuzaliwa cha RITA, kitambulisho cha NIDA, cheti cha kidato cha nne na cheti cha NVA yanapaswa kufanana herufi kwa herufi na kwa mpangilio uleule. "Mwanaidi" na "Mwanahidi" ni watu wawili mbele ya kompyuta. Tofauti ndogo hurekebishwa kwa kiapo cha wakili, kubwa kwa hati ya kisheria ya kubadili jina. Zote huchukua muda, kwa hiyo zianze ukiwa bado ngazi ya I.

8. Omba NTA ngazi ya 4.
Udahili wa vyuo vya kati huwa na mikupuo miwili, wa Septemba na wa Machi. Kozi za afya huombwa kupitia mfumo wa pamoja wa NACTVET. Kozi nyingine nyingi huombwa moja kwa moja chuoni. Kwenye fomu taja cheti cha NVA ngazi ya III na namba yako ya mtihani wa kidato cha nne. Kama ulifanya mtihani zaidi ya mara moja, andika namba zote.

Baada ya kudahiliwa, chuo hupeleka majina NACTVET kuhakikiwa. Usitulie hadi uhakikishe jina lako limepita. Kuna wanachuo wanaosoma mwaka mzima bila kujua kwamba hawakuhakikiwa, wakashtuka siku ya matokeo.

Ukiamini kuna moduli ulizokwishasoma kwa kina, andika barua kwa mkuu wa idara kabla masomo hayajaanza. Ambatanisha cheti, matokeo na muhtasari wa moduli, na uombe ulinganifu ufanyike. Chuo kinaweza kukataa. Kikikubali, taka jibu kwa maandishi, maana neno la ofisini halitaonekana kwenye matokeo yako.

9. Linda wastani wako tangu muhula wa kwanza.
Kwenda chuo kikuu, TCU hutaka stashahada yenye wastani, yaani GPA, usiopungua 3.0. Hatua hii ndiyo inayowakwaza waliofika mbali: wanafaulu stashahada kwa wastani wa chini wakidhani kufaulu kunatosha.

Fundi wa mtaani: urasimishaji wa ujuzi

Kama umejifunza useremala Keko, uchomeleaji Gerezani au ufundi magari Tandika bila kukanyaga darasa, serikali inautambua ujuzi huo kwa utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. VETA huendesha tathmini hiyo, na Ofisi ya Waziri Mkuu imekuwa ikigharamia baadhi ya awamu zake. Fani zilizotangulia ni pamoja na uashi, useremala, ufundi magari na upishi.

Mambo huenda hivi:

1. Fika chuo cha VETA kilicho karibu na uulize awamu ijayo ya urasimishaji na fani zitakazohusika.
2. Jaza fomu ukieleza kazi ulizofanya, wapi, na kwa muda gani. Peleka ushahidi: picha za kazi, barua za wateja au mwenye karakana, na barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa.
3. Wataalamu watakutathmini kwa mahojiano na kwa kazi ya mikono.
4. Pale wanapoona mapungufu, utapewa mafunzo mafupi ya kuyaziba. Mara nyingi ni usalama kazini, kusoma michoro na hesabu.
5. Utapewa cheti kinachoonyesha ngazi uliyothibitishwa.

Angalizo: soma ngazi iliyoandikwa kwenye cheti. Kama ni ya I, umeingia kwenye mfumo, jambo kubwa, lakini bado una ngazi mbili za kupanda kabla ya chuo cha kati. Uliza palepale unaweza kuingia ngazi ya II lini.

Pesa: panga kabla ya kuanza

Waajiri nchini hulipa tozo ya maendeleo ya ujuzi, na sehemu yake huiendesha VETA. Ndiyo maana ada ya kozi ndefu katika vyuo vya VETA kwa miaka mingi imekuwa ndogo: Sh 60,000 kwa mwaka kwa mwanachuo wa kutwa na Sh 120,000 kwa wa bweni. Ada si mzigo mkuu. Mzigo ni michango, sare, vifaa vya kazi, chakula na nauli ya kila siku kutoka Chamazi au Boko. Andika hesabu ya mwaka mzima, si ya muhula wa kwanza.

Kwa stashahada, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) ilianza kukopesha katika mwaka wa masomo 2023/24, kwa fani za kipaumbele zikiwemo afya, usafirishaji, nishati, madini, na kilimo na mifugo. Orodha hutangazwa kwa mwongozo wa kila mwaka. Isome kabla ya kuchagua kozi, si baada. Cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA kiwe tayari.

Usilipe ada kwenye simu ya mtu. Vyuo vya serikali hutoa namba ya kumbukumbu ya malipo, na chuo cha binafsi kilicho makini hutoa akaunti ya benki yenye jina la chuo. Anayekuambia "nitumie kwanza nikuwekee nafasi" anauza kitu asichokuwa nacho.

Kutoka stashahada hadi shahada

- GPA 3.0 au zaidi: omba chuo kikuu. Utahitaji namba ya uhakiki wa tuzo, AVN, inayotolewa na NACTVET. Iombe mara matokeo ya mwisho yanapotoka, usisubiri dirisha la udahili lifunguliwe. TCU hutaka pia ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, lakini hukubali mwenye ufaulu pungufu ya manne iwapo ana NVA ngazi ya III. Hapa ngazi ya III inakulipa kwa mara ya pili.
- GPA 2.0 hadi 2.9: Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chenye makao yake Kinondoni, kina programu ya msingi. Ukiimaliza kwa wastani usiopungua 3.0, unaruhusiwa kuomba shahada.
- Miaka 25 au zaidi na uzoefu mwingi: TCU ina utaratibu wa mitihani ya kutambua elimu iliyopatikana nje ya darasa. Fuatilia tangazo lake kila mwaka.

Hesabu ya jumla: ufundi stadi miaka mitatu, stashahada miaka mitatu, shahada mitatu au minne. Ni safari ndefu. Lakini kila kituo kina cheti chake, na unaweza kushuka, ukafanya kazi, ukaweka akiba, kisha ukapanda tena bila kupoteza ulichokwishapata.

Makosa yanayojirudia

- Kuchukulia cheti cha kozi fupi kama NVA. Kozi ya miezi mitatu ya kompyuta, udereva au mapambo inakupa ujuzi, haikupi ngazi.
- Kuhama fani katikati. NVA ngazi ya II ya umeme na ya I ya upishi hazijumlishwi kuwa ya III.
- Kuacha cheti chuoni. Wengi huondoka wanapoona matokeo. Fuata cheti, vyuo huhama na kufungwa.
- Kuchelewa kushughulikia cheti kilichopotea. Pata taarifa ya upotevu polisi mara moja, kisha fuata utaratibu wa mamlaka iliyokitoa.
- Kumwamini wakala wa udahili. Fomu unaweza kuijaza mwenyewe. Ukihitaji msaada wa stashenari, simama hapo hapo na nywila yako usimwachie mtu.

ORODHA YA KUKAGUA KABLA YA KUOMBA CHUO CHA KATI

☐ Cheti cha NVA ngazi ya III na matokeo ya ngazi zote
☐ Matokeo ya kidato cha nne, namba zote za mtihani
☐ Cheti cha kuzaliwa na kitambulisho au namba ya NIDA
☐ Majina yanafanana kwenye kila karatasi
☐ Kitabu cha mafunzo kazini kimesainiwa na kugongwa muhuri
☐ Sifa za kozi nimezinakili kutoka kitabu cha mwongozo cha mwaka huu
☐ Usajili wa chuo na idhini ya kozi nimevihakiki NACTVET
☐ Bajeti ya mwaka mzima ipo kwa maandishi
☐ Tarehe za kufungwa kwa maombi na za HESLB nimeziandika

Wiki hii fanya mambo matatu

Kwanza, toa vyeti vyako vyote, vipange na usome ngazi iliyoandikwa kwenye kila kimoja. Pili, pakua kitabu cha mwongozo wa udahili na utafute kozi moja unayoitaka. Tatu, nenda chuo ulichosoma au cha VETA kilicho karibu nawe, ukamuulize mwalimu wa fani yako swali moja: nimebakiza nini kufika ngazi ya III, na usajili wake ni lini? Andika jibu na tarehe. Ukishakuwa na tarehe, anza kuweka akiba ya nauli na michango kuanzia mwisho wa mwezi huu, na umwambie mtu mmoja wa nyumbani ili akukumbushe siku ikikaribia.